Chumvi au tope: upime kipi kwanza kwenye maji yako?

Jumamosi moja asubuhi mama mmoja wa Mbagala alinipigia simu. "Fundi, njoo unisaidie, kumbe maji ya kisima changu ni kutu tupu!" Nilikuta glasi mbili mezani. Moja maji yake yanang'aa. Ya pili ilijaa kitu cha rangi ya udongo, povu juu na mashapo chini, kama supu ya maharage iliyolala. Jana yake alipita kijana anayeuza machujio. Akachomeka kwenye umeme kifaa chenye vyuma vinne, viwili kwa kila glasi: moja ya maji yaliyotoka kwenye chujio lake, nyingine ya maji ya kisima. Haikuisha dakika, ya kisima yakachafuka. "Haya ndiyo unayowanywesha wajukuu, mama." Mama akatoa kianzio.

Sikubishana naye. Nilimtuma mjukuu gereji akalete chupa ya maji ya betri, yale ya kuongezea, si asidi. Nikachukua misumari miwili, waya, na betri ya pikipiki yangu. Kwenye maji ya betri misumari ilikaa dakika tano na hakuna kilichotokea. Nikaomba chumvi ya jikoni, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, nikatia na kukoroga. Msumari mmoja ukaanza kutoa vipovu, wa pili ukatoa wingu la kijani lililogeuka kutu mbele ya macho yetu.

"Mama, chumvi hii umeipikia jana usiku. Kutu imetoka wapi?"

Akaitazama misumari, akacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu wa kile kianzio.

Kutu ilitoka kwenye chuma chenyewe, chumvi ilipitisha umeme tu. Ujanja wa yule kijana ni kuchukua kitu kisichoonekana, yaani chumvi iliyoyeyuka, na kukivisha sura ya kitu kinachoonekana, yaani tope. Ni vitu viwili tofauti, vina vipimo viwili tofauti na dawa mbili tofauti. Ukivichanganya utanunua mashine usiyoihitaji na kuacha ile unayoihitaji. Kwa hiyo nitaviweka ubavu kwa ubavu, nikueleze mimi ningeanza na kipi kulingana na maji yanakotoka.

Mpaka wao ni chujio

Maabara huyamimina maji kwenye chujio la nyuzi za kioo lenye matundu ya mikroni 2 au madogo zaidi. Kinachobaki juu ya chujio ni yabisi zinazoelea, kwa kifupi TSS: udongo mfinyanzi, mchanga laini, mwani, vipande vya majani, kinyesi. Kinachopita pamoja na maji ni yabisi zilizoyeyuka, TDS: sodiamu, kloraidi, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti, salfeti, na vinginevyo vya jamii hiyo. Vyote viwili huandikwa kwa miligramu kwa lita.

Kupima TSS ni kazi ya mizani. Chujio hukaushwa na kupimwa uzito, maji hupitishwa, kisha chujio hukaushwa tena kwa nyuzi joto 103 hadi 105 na kupimwa upya. Tuseme chujio lilikuwa na gramu 0.1120, baada ya kupitisha mililita 250 likawa na 0.1345. Zimeongezeka miligramu 22.5 katika robo lita, kwa hiyo TSS ni 90. TDS nayo kwa haki yake ni kazi ya mizani pia: maji yaliyopita kwenye chujio huvukizwa, na kinachobaki hukaushwa kwa nyuzi 180, kwa kuwa kwenye 105 baadhi ya chumvi bado zinakumbatia maji ndani ya fuwele zake.

Ukitaka kuviona vyote viwili bila maabara, jaza maji kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha usiiguse. Kilicholala chini asubuhi ni sehemu ya TSS. Chukua kwa uangalifu maji ya juu yaliyotulia, yamimine kwenye sahani nyeusi, iweke juani hadi ikauke. Ule utando mweupe unaobaki ni TDS. Waliokulia kwenye visima vya pwani wanaujua utando huo tangu utotoni, uko ndani ya birika la kila nyumba.

Mpaka huu una ukungu wake. Udongo mfinyanzi laini sana hupenya chujio, ukaonekana kana kwamba umeyeyuka ilhali haujayeyuka. Ndiyo maana maji yanaweza kuwa na rangi ya maziwa na karatasi ya maabara ikasoma TSS ndogo.

Vifaa: kimoja cha mfukoni, kingine cha macho

Kwenye TDS ndiko watu wanakokimbilia, kwa sababu mita yake inafanana na kalamu, ni rahisi, na inatoa namba papo hapo. Ila mita hiyo haipimi TDS. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inazidisha kwa kigawe ilichowekewa kiwandani, na kinachoonekana kwenye kioo ni makisio. Mita moja hutumia 0.5, nyingine 0.7. Maji yaleyale yenye upitishaji wa mikrosimensi 1,400 yatasomwa 700 na jirani yako, wewe ukasoma 980, mkagombana bure. Kama mita yako ina kitufe cha kuonyesha mikrosimensi, andika hiyo, ndiyo namba ya kweli. Angalia pia kama inasawazisha joto hadi nyuzi 25, maana upitishaji hupanda takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja.

Jaribu hili siku ukiwa na nafasi. Koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye glasi ya maji safi, tumbukiza mita. Namba haitaongezeka. Sukari imeyeyuka kabisa, ni yabisi iliyoyeyuka kwa kila maana ya neno, lakini haibebi umeme, kwa hiyo mita haiioni. Dawa nyingi za wadudu shambani haizioni vilevile. Tope hailioni. Vimelea vya kipindupindu haiwaoni.

TSS haina mita ya mfukoni. Mbadala wake ni kupima kutibuka kwa maji: mwanga hupitishwa ndani, kikapimwa kiasi kinachotawanywa na chembe, na jibu hutolewa kwa NTU. Mita nzuri za kazi hiyo ni ghali kuliko ile kalamu, mara nyingi kwa mbali. Lakini jicho lako linafanya nusu ya kazi: mtu huanza kuona ukungu kwenye glasi karibu na NTU 4. Na kuna kipimo cha gazeti ambacho sichoki kukifundisha. Jaza maji chupa ya plastiki isiyo na rangi, isimamishe juu ya kichwa cha habari, chungulia kutoka mdomoni hadi chini. Ukizisoma herufi, maji yako pungufu ya NTU 30 au hapo karibu, na unaweza kuyalaza juani kwenye chupa ili jua liue vimelea. Usipozisoma, yachuje kwanza, jua halitapenya.

NTU si miligramu. Kila mto una udongo wake, na uwiano wa Ruvu hauwezi kuuhamishia Pangani. Kwa kazi ya nyumbani, NTU inatosha. Kwa anayepima maji taka ya kiwanda au ya machimbo, haitoshi, apeleke sampuli ikapimwe kwa mizani.

Namba zinasema nini

Kwa TDS, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya. Linachosema ni cha ulimi: chini ya 600 maji kwa kawaida ni matamu, yakipita 1,000 yanazidi kukataliwa na mnywaji. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, kinaruhusu 700 kwa maji yaliyosafishwa na 1,500 kwa maji ya asili yasiyosafishwa. Bahari, ili upate picha, ina takriban 35,000.

Kwa tope lugha inabadilika, inakuwa ya afya moja kwa moja. EAS 12 inataka TSS isionekane kabisa kwenye kipimo, na kutibuka kusizidi NTU 5 kwa maji yaliyosafishwa, 25 kwa maji ya asili. Wanaotia klorini hutaka maji yawe chini ya NTU 1 wakiweza. Sababu ni ya kimaumbile: kimelea akijibanza nyuma ya chembe ya udongo, klorini haimfikii, na udongo wenyewe wenye mabaki ya majani hula dawa kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana vidonge vya klorini vina maelekezo ya kuongeza dozi kwa maji yaliyotibuka.

Tofauti hii watu wengi hawaijui, na ndiyo ninayoitilia uzito kuliko zote. Maji ya TDS 1,200 yatakuudhi, yatakula sabuni yako na kuharibu ladha ya chai. Maji ya NTU 50 yanaweza kumlaza mtoto hospitali wiki hii.

Wala usidhani kipimo kimoja kitakueleza habari za kingine. Ziwa Victoria mita ya TDS haifiki 100, namba ambayo muuza chujio angeipigia makofi. Maji hayohayo yana kichocho kwenye fukwe nyingi na yamebeba kipindupindu mara kadhaa. Ziwa Tanganyika ni angavu kuliko Victoria kwa mbali, unaona mawe chini pale Kigoma, lakini chumvi zake zilizoyeyuka ni kama mara sita ya zile za Victoria. Angavu na yenye chumvi. Yenye ukijani na isiyo na chumvi.

Halafu kuna floraidi. Chini ya Mlima Meru, Ngurdoto na Maji ya Chai, watu wamekua na meno ya kahawia kwa sababu ya madini hayo, na mifupa ya wengine imepinda. Kikomo cha Shirika la Afya ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yenye floraidi 6 yanaweza kuonyesha 300 kwenye mita ya TDS, maana hizo 6 ni tone kati ya mia tatu. Ukiwa Arusha, mita ya kalamu isikupe usingizi. Lipia kipimo cha floraidi chenyewe.

Dawa ya kimoja si dawa ya kingine

Tope linatoka kwa njia za bei nafuu. Yaache maji yatulie, au yasaidie kwa shabu, au kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa: protini ya mbegu ina chaji chanya, inakamata chembe za udongo zenye chaji hasi, zinashikana, zinazama. Baada ya hapo mchanga au chujio la mshumaa wa kauri, kisha klorini au kuchemsha. Mlonge una dosari moja ambayo wanaousifu huisahau: unaacha mabaki ya mbegu ndani ya maji, kwa hiyo maji hayo yakikaa siku mbili hunuka. Tumia siku hiyohiyo.

Chumvi haisikii lolote kati ya hayo. Shabu haitoi chumvi, mchanga hautoi, na kuchemsha kunaizidisha kidogo kwa sababu kinachopotea ni mvuke. Mfano mzuri uko pwani ya Kenya. Mto unaoitwa Athi huko juu, Galana katikati na Sabaki unapofika karibu na Malindi hubeba udongo mwingi kiasi kwamba mvua ikikolea bahari ya Malindi hugeuka kahawia. Pale Baricho maji huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kingo za mto huohuo. Mchanga unalizuia tope, lakini chumvi za mto zinaingia kisimani kama zilivyo.

Kwa chumvi, nyumbani kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni mashine ya kusukuma maji kupitia utando mwembamba, ile ambayo wauzaji huiita RO. Inaondoa asilimia 90 na zaidi ya chumvi, floraidi ikiwemo, lakini inamwaga maji mengi. Mashine ndogo za jikoni aghalabu hutupa ndoo mbili au tatu kwa kila ndoo moja inayokupa. Na adui yake mkubwa ni tope. Nimebadilisha utando wa mteja ndani ya miezi minne kwa sababu aliunganisha mashine moja kwa moja kwenye tangi linalojazwa na maboza wakati wa masika, bila chujio la awali. Kwa hiyo hata anayenunua mashine ya chumvi lazima aanze na kipimo cha tope.

Njia ya pili ni hesabu ya darasa la tano: changanya. Maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati safi huwa na TDS ndogo sana, makumi tu. Ndoo ya kisima cha 1,600 na ndoo ya mvua ya 20 zinakupa ndoo mbili za 810. Mwaga tu maji ya kwanza ya mvua, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Hapo umerudi kwenye TSS tena.

Mimi ningeanza wapi

Maji ya mto, lambo, ziwa, au boza usilojua lilikojaza: anza na tope. Chupa na gazeti, kisha kipimo cha vimelea ukipata nafasi. Usinunue mita ya TDS mwaka huu. Ruvu wakati wa masika inabeba udongo hata mitambo mikubwa inahangaika nayo, sembuse pipa lako.

Kisima kirefu karibu na bahari, kuanzia Kigamboni hadi Bagamoyo, Unguja, Mombasa, Lamu: anza na chumvi, na uirudie kila mwezi kwenye daftari. Namba ya leo haikuambii mengi, mwendo wake ndio unaosema. Chini ya ardhi maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, na kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 chini ya usawa huo. Ukivuta hadi kiwango kishuke nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20 kukufuata. Nimeona watu wakiongeza kina baada ya kisima kuanza chumvi, wakaifuata bahari kwa fedha yao wenyewe. Daftari lingewaonya mapema: likipanda kutoka 600 hadi 750 hadi 900, punguza saa za pampu.

Kisima kifupi cha mikono mjini, karibu na vyoo: vipimo vyote viwili vinaweza kusoma vizuri na maji yakawa hatari. Hapo pesa ya mita ipeleke maabara ipime vimelea na naitreti.

Mkulima anayemwagilia kwa matone anahitaji vyote viwili na hana ujanja. TSS ikipita 50 matundu ya mipira yanaanza kuziba, ikipita 100 utashinda shambani na sindano. TDS ikipita 450 mazao yenye kulalamika yanaanza kulalamika, na ikipita 2,000 ni mengi yanayoshindwa. Maharage ni ya kwanza kunyauka. Mtende hautajali.

Mfugaji wa ng'ombe asihangaike sana na chumvi, ng'ombe huvumilia maji ambayo mtu angeyatema. Mwenye kuku awe mwangalifu zaidi. Mwenye bwawa la perege atazame tope, linaziba matamvua. Na anayejenga, kabla ya kukoroga zege kwa maji ya kisima cha ufukweni, apime chumvi, kwa sababu kloraidi huila nondo ndani kwa ndani na nyufa huja baada ya fundi kuhama mtaa.

Yule mama wa Mbagala, kisima chake kilisoma 1,180 kwenye mita yangu, na herufi za gazeti zilionekana hadi nukta. Kwa chumvi alikuwa ndani ya kiwango cha maji ya asili, ingawa chai yake, nakiri, ilihitaji subira. Nilimwomba ile fedha iliyobaki ya mashine aitumie kupima vimelea. Majibu yalirudi na vimelea vya kinyesi: mdomo wa kisima ulikuwa na ufa, na maji ya mvua ya uani yalikuwa yakiingia humo. Tuliuziba kwa zege, tukauinua futi mbili, tukatia klorini, tukapima tena baada ya wiki mbili, pakawa safi. Kwa chai alinunua tangi dogo la kukinga mvua ya bati, anachanganya nusu kwa nusu.

Kianzio hakikurudi, simu ya kijana haipatikani. Misumari yangu miwili mama alikataa kunirudishia. Ameiweka kwenye kabati la vyombo, pamoja na kipande cha waya, anasema siku akipita mwingine ataomba betri kwa bodaboda wa kituoni.